Pampu Iliyopakwa Mafuta ya Mtoto

Wengine wakisikia harufu ya maziwa yaliyofurika na kuungulia kwenye jiko, humkumbuka mama yao au shule ya bweni. Mimi hukumbuka injini. Juzi nilisahau sufuria motoni nikiongea na simu, na kabla sijafika jikoni nilikuwa nimeshaanza kucheka peke yangu, mpaka mume wangu akauliza kama niko sawa. Nikamwambia niko sawa, ni pikapu ya Baba tu. Hakuelewa, nami sikuwa na nguvu ya kumweleza huku nikikwangua jiko. Acha niwaeleze ninyi.

Pikapu hiyo ilikuwa ya kijani, au tuseme ilizaliwa ya kijani, kwa sababu vumbi la Kitengela halijawahi kuuliza gari rangi yake. Baba aliitumia kubebea mbuzi kutoka mnada wa Bisil hadi kwa wenye bucha wetu. Siku za kufunga shule nilikaa naye mbele, mbuzi wakinipumulia kisogoni kupitia kile kidirisha cha nyuma ambacho kioo chake kilipotea kabla sijazaliwa. Sijui mtoto mwingine aliyekuwa na raha kama zile. Kisha siku moja, karibu na Isinya, injini ilianza kugonga kama mtu aliyefungiwa ndani, ikagonga, ikagonga, ikanyamaza. Ilivutwa kwa kamba mpaka uani kwetu, upande ule wa machimbo ya mawe, enzi ambazo nyumbu walikuwa bado wanapita nyuma ya choo na hakuna aliyeshangaa.

Gari likalala pale. Baba akazunguka, akatafuta kibarua hapa na pale, hadi akatokea mwanamume mmoja mwenye malori aliyemtaka awe dereva wake wa masafa, kutoka bandarini mpaka Uganda na nchi za mbele zaidi. Kazi nzuri, kila mtu alisema. Ila baba wa masafa anaonekana nyumbani kama mgeni: anakuja na mkate, analala, anaondoka. Nilimsikia akimwambia Mama, pazia likiwa katikati yetu, maneno ambayo nimeyabeba hadi leo.

"Hii gari ikiwaka kufikia Jumapili, nabaki. Isipowaka, naenda na lori."

Basi mimi, mtoto wa darasa la chini, nikajua kwamba baba yangu alikuwa amefungwa kwenye ile injini kwa bolti. Na ubaya wa mambo ni kwamba siku zizo hizo Mama alikuwa amejifungua kaka yangu mdogo, kiumbe mwekundu aliyelia kuanzia alfajiri bila kutoa sababu. Baba akienda, ningebaki na huyo. Nilimtazama kwenye shuka yake nikaona kwamba hapa hakuna mtu wa kunipeleka Bisil.

Kwa ajili ya huyo mtoto ndipo Koko alipokuja. Koko ni nyanya, mama yake Mama, na alitoka upande wa Bisil akiwa na kibuyu cha maziwa, debe la mafuta ya kondoo, na shuka moja ya kubadilisha. Sasa, wenzangu wa Kimaasai hawahitaji kuelezwa, lakini wengine niwaambie: kwetu mwanamume na mama mkwe wake wanaheshimiana mpaka heshima yenyewe inachoka. Baba alipooa alimpa Koko kondoo, na tangu siku hiyo wakawa wanaitana Paker kwa sababu ya kondoo huyo, majina yao yakawekwa kando. Hawatazamani usoni. Hawali mmoja mbele ya mwingine. Kumwambia mkwe wako jambo zito mdomo kwa mdomo ni kama kuvua nguo sokoni.

Chukua hiyo heshima yote uiweke ndani ya nyumba ya vyumba viwili. Baba alikohoa kwa sauti kabla ya kuingia mlango wa mbele, na Koko akatoka kwa mlango wa nyuma. Baba akitoka, Koko anaingia. Chakula chake Baba alikula ndani ya pikapu iliyokufa, vioo vimepandishwa juu, jasho likimtoka, sahani ya ugali juu ya usukani. Wakitaka kuambiana kitu, mimi ndiye niliyekuwa barabara yao. Nilikuwa nikienda na kurudi siku nzima, "mwambie Paker hivi," "mwambie Paker vile," na wote wawili walikuwa wakisikiana vizuri kabisa.

Aliyekuja kuifungua injini ni Fundi Mutua, mtu mnene kidogo aliyetokea upande wa Machakos, mwenye sauti ya kuita ng'ombe na uhakika wa mtu ambaye hajawahi kukosea, au aliyekosea akasahau. Aliibomoa injini yote akaitandaza juu ya turubai, vipande kwa vipande, mpaka nikaamini hakuna binadamu anayeweza kuvirudisha. Pete za pistoni zilikuwa mpya, beringi mpya, gasketi mpya. Ugomvi ulikuja kwenye pampu ya oili.

Mama hakutoka nje, maana alikuwa bado ndani na mtoto, lakini dirisha la chumba cha kulala lilitazama uani na amri zake zote zilipitia hapo. Alitaka pampu mpya. Alisema mtu hawezi kujenga nyumba mpya halafu aweke mlango uliooza. Mutua alimjibu kwamba amezunguka maduka yote ya spea na pampu zilizopo ni feki, zinang'aa nje na ndani ni bati. Ile ya zamani ilitoka na gari lenyewe kiwandani. Gia zake ziko sawa, ni kifuniko tu kimelika na kijivali kimekwama, na hayo ni mambo ya kutengeneza.

"Mama watoto," akasema, "bora mzee anayejua hii boma kuliko kijana mgeni anayenukia rangi."

Mama akamwambia haya, lakini huyo mzee akiangusha boma, Mutua ndiye atakayekuja kumweleza huyu msichana baba yake ameenda wapi. Alininyooshea kidole. Mutua alinitazama, na kwa mara ya kwanza nikaona uhakika wake umeyumba kidogo. Tangu hapo aliishika ile pampu kwa mikono miwili.

Na ndipo nilipoanza kuona mambo. Asubuhi Koko alimwogesha mtoto kwenye beseni. Mchana Mutua akaiogesha pampu kwenye karai la mafuta taa, akiisugua kila pembe kwa mswaki. Koko alimvuta mtoto kamasi kwa mdomo wake, kama walivyofanya akina mama wa zamani. Mutua akaweka mdomo kwenye tundu la pampu akapuliza mpaka macho yakamtoka. Koko alimkausha mtoto kwa kitambaa; Mutua akaomba fulana ya Baba. Kisha akaomba kioo kilichonyooka, na katika nyumba yetu kioo kilichonyooka kilikuwa kimoja tu, cha juu ya meza ya sebuleni, ambacho hata mimi sikuruhusiwa kukipumulia. Baba alikitoa akinyata. Mutua alitandaza sandpepa juu yake, akaidondoshea oili, akaanza kusugua kile kifuniko cha pampu, mduara, mduara, taratibu, akikigeuza na kukitazama kwenye jua, hadi mikwaruzo yote ikaisha na uso wake ukawa laini. Alifanya hivyo mpaka jua likahama upande. Mama alikuwa amelala, Mungu ni mwema.

Mwisho akasema pampu haiwezi kufungwa ikiwa kavu. Injini ikiwaka na pampu iko tupu, itazunguka bila kuvuta kitu, na kabla oili haijapanda kila kitu kitakuwa kimeumana. Lazima ijazwe mafuta mazito ili ishike na kuvuta mara moja. Akauliza kama tuko na mafuta ya kujipaka. Baba akanyata tena akarudi na mkebe wa mafuta ya mtoto, na Mutua akachota kwa vidole vyake vinene akaipaka pampu ndani, kwenye meno ya gia, kwenye kila kishimo, kisha akaifunga kwenye fulana ikasubiri zamu yake ya kurudishwa.

Mimi nilikuwa nimeshaelewa. Kumbe kila anayekuja duniani hupitia hayo: anaogeshwa, anapulizwa, anapakwa, anafungwa kitambaa. Tofauti ni kwamba pampu hailii, na kwa hiyo nikaipenda kuliko kaka yangu. Nilikimbia nikamsimulia Koko kwa Kimaa yote niliyoona. Alisikiliza akitikisa kichwa kwa kukubali, hata mafuta ya kujipaka hayakumshangaza. Kisha akaniuliza ni nani aliyeibariki. Nikafikiri, nikamwambia sijaona mtu. Akasikitika, akasema watu wa mjini wanafanya kazi yote halafu wanaacha ile yenyewe.

Ijumaa jioni injini ilikuwa imerudi mahali pake, nami nikakubali kwamba Mutua ni mchawi wa heri. Alimimina oili, akafunika mdomo wa kumiminia oili kwa kitambaa kwa sababu kifuniko chenyewe kilikuwa kimeingia mahali kwenye masanduku yake, akasema atakuja nacho kesho. Jumamosi asubuhi Baba alienda kuchukua betri ilikokuwa ikichajiwa. Uani tukabaki mimi na Koko. Akatoka na kibuyu chake na kishungi cha majani mabichi, akaanza kuizunguka pikapu, akichovya majani kwenye maziwa na kunyunyiza: magurudumu, milango, taa, boneti. Aliomba kwa sauti ya chini, nami nikawa ninamwitikia "Naai, Naai," kama watu wazima wanavyoitikia kwenye baraka. Alipofika mbele alisimama juu ya jiwe, akachungulia injini chini ya boneti iliyoachwa wazi, akaona kile kitambaa. Akakiondoa. Akautazama ule mdomo mweusi, akasema baraka haiishii kwenye ngozi, na maziwa yaliyobaki kibuyuni akayamimina yote. Akarudisha kitambaa vizuri, akakipigapiga kama anayemlaza mtoto.

Mimi niliona ni sawa kabisa. Mtoto akishapakwa mafuta, si ananyonya?

Mutua alikuja na kifuniko, akafunga bila kuchungulia. Baba akaunganisha betri. Kwanza waliizungusha injini bila kuiruhusu iwake, ili pampu ivute oili, na sote tukakodolea macho ile taa nyekundu ya oili kwenye dashibodi. Ilikaa, ikakaa. Kisha ikazima, ishara kwamba oili imepanda. Mutua alitoka garini akazunguka uwanja mzima akicheza kilumi cha kwao Ukambani bila ngoma, akamwambia Mama kupitia dirishani kwamba mzee amekumbuka kazi. Mama alisema haya tu, lakini nilimwona akijifuta macho kwa kona ya shuka. Wakawasha. Injini ikanguruma, pikapu ikatetemeka mwili mzima, kuku wakakimbilia nyuma ya choo, na Baba akaweka kiganja juu ya boneti akakiacha hapo.

Ndipo Mama akatoa kichwa tena dirishani, amekunja pua. Akauliza ni nani ameacha maziwa yakifurika jikoni. Koko alienda kuangalia jiko, akakuta limezima. Mama akasema yeye hajazeeka, anasikia maziwa yanaungua. Hakuna aliyemjali, wanaume walikuwa wanasikiliza injini.

Injini ilipopata moto kidogo, Mutua aliizima, akavuta kile kijiti cha kupimia oili. Akakitazama. Akakifuta, akakichovya tena, akakitazama tena. Oili iliyokuwa kama asali jana yake ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na povu juu. Sauti yake ilishuka mpaka sikumtambua. Alimweleza Baba kwamba oili ikigeuka rangi hiyo ni maji yameingia, na maji hayaingii isipokuwa hedi, yaani kichwa cha injini, imepasuka, au injini yenyewe ina ufa. Na injini yenye ufa haina dawa, hiyo ni ya kuuzia watu wa vyuma chakavu. Pampu haikuwa na makosa. Pampu ilikuwa imefanya kazi vizuri sana, imeyapeleka hayo maji kila mahali.

Mama akafunga dirisha. Hilo ndilo lililonitisha, kwa sababu dirisha lile halikuwahi kufungwa mchana. Baba alikohoa, akaingia ndani, Koko akatoka kwa mlango wa nyuma, na Baba akarudi akiwa na mkoba mweusi. Akaanza kukunja mashati yake juu ya boneti ile ile aliyokuwa akiipapasa, moja baada ya jingine, akiyanyoosha kola.

Nilienda kwa Mutua aliyekuwa ameketi juu ya jeki yake, nikamuuliza kwa nini anasema ni maji. Nikamwambia si maji, ni maziwa. Akanijibu kwa uchovu kwamba ndiyo, inafanana na maziwa, kila fundi husema hivyo. Nikamwambia haifanani, ni maziwa, ya Koko, ya asubuhi, alimnyonyesha baada ya ninyi kumpaka mafuta.

Mutua akasimama, akachukua kile kijiti, akakinusa. Akaweka tone kwenye ulimi, akatema, akaweka lingine. Sijawahi kuona mtu anayeonja oili kwa makini vile. Kisha akamgeukia Baba akasema polepole kwamba hii kitu inanuka kibuyu.

Sasa kazi ikawa ni nani atakayeuliza. Koko alikuwa amesimama kando ya mlango wa jikoni, ametulia kama mtu asiye na deni na dunia. Mutua hakujua Kimaa, na Koko hakuwa na Kiswahili cha kutosha kugombana, basi Mutua akamuuliza kwa Kiswahili cha pole pole na sauti kubwa, akichora injini hewani kwa mikono. Koko alimwitikia salamu. Baba alikuwa amejificha upande wa pili wa pikapu, shati mkononi. Unamwulizaje Paker wako kama amemimina maziwa kwenye injini yako? Hakuna mzee aliyewahi kutunga sentensi hiyo. Akaniita, akaninong'oneza nimuulize Paker kama labda, asubuhi, kwa bahati, alipita karibu na hapa.

Mimi nikaenda nikamuuliza kama alimimina maziwa ndani.

Koko akasema amemimina, yote. Nikarudi nikamwambia Baba. Mutua alishika kichwa chake kwa mikono yote miwili akangoja asikie mwenye gari atakavyolipuka.

"Mwambie ni sawa," Baba akasema. "Mwambie ashe."

Ashe ni asante yetu. Mutua aliposikia maana yake alienda kusimama peke yake karibu na choo.

Lakini mtu aliyekwenda kusimama karibu na choo alirudi akikimbia, maana akili ilikuwa imemfika: kama ni maziwa, basi hedi haijapasuka. Hakuna ufa. Injini ni nzima, imeshiba tu. Wakamwaga oili yote, wakafungua karai la oili lililo chini ya injini, wakaitoa pampu tena. Ikaoga mafuta taa kwa mara ya pili, ikapulizwa, kile kijivali kikatolewa na kufutwa mabonge ya siagi iliyokuwa imeanza kugandamana ndani yake. Waliisuuza injini kwa oili ya bei ya chini, wakaimwaga, wakasuuza tena. Mkebe wa mafuta ulikuwa umekwisha. Wakiwa wanatazamana, dirisha likafunguka, mkono wa Mama ukatoka na mkebe mpya, ukauacha kwenye kizingiti, na dirisha likabaki wazi.

Jumapili hatukuenda kanisani. Kengele za wenzetu zilikuwa zikilia mjini wakati Mutua, akiwa na macho mekundu na suruali isiyotamanika, alipofunga kifuniko cha oili na kusimama mbele yake kama askari ili asikaribie mtu. Taa nyekundu ikazima. Injini ikawaka. Akaiacha ipate moto, akavuta kijiti, akakipeleka kwa Baba, akakipeleka kwa Mama dirishani, akanionyesha mimi. Ilikuwa asali tupu.

Baba alikaa akiisikiliza kwa muda. Nadhani alitaka kusema asante, na alitaka pia, Mungu amsamehe, jambo lile lisirudiwe. Koko alikuwa pale pale mlangoni pa jikoni, amempa mgongo kwa heshima. Baba akaniambia nimwambie Paker gari limewaka na tumeshukuru kwa baraka yake. Ila siku nyingine, kama haitamkosea, abariki kwa nje peke yake.

Nikaupeleka ujumbe, mzima. Koko aliusikiliza hadi mwisho. Hakugeuka. Akazungumza akitazama ukuta, kwa Kimaa, polepole, ili nisipoteze hata neno.

"Mwambie Paker mimi gari silijui. Sikuja kuombea gari. Binti yangu ana mtoto mchanga, na mwanamume anataka kwenda na lori, na mama mkwe hana mdomo wa kumwambia mkwe wake kaa. Nilikuwa na maziwa tu."

Baba alikuwa hatua chache nyuma yangu na alisikia kila kitu. Lakini heshima ni heshima, alisimama akangoja nigeuke, nitembee mpaka kwake, nimrudie yote tangu mwanzo. Nilimrudia. Nilipofika kwenye maziwa aliinua boneti akainamisha kichwa ndani, na akakaa humo muda mrefu, ingawa injini ilikuwa inanguruma vizuri na hapakuwa na kitu cha kutazama. Mutua alikuja mbio kuuliza kuna nini. Nikamwona Baba akimwonyesha kwa mkono aondoke.

Kisha akaniita, bila kutoa kichwa.

"Mwambie nimebaki."